Mnyonyeshe Alale

"Mnyonyeshe ashibe, alale," fundi wa mashine ya picha za kichwa pale hospitalini alimwambia mama bila kumtazama. "Akitikisa kichwa tu, picha imeharibika."

Mama alimpakata mwanawe nje ya chumba cha mashine, chini ya kibao cha shaba kilichobandikwa siku mkubwa mmoja alipokuja kukata utepe. Mtoto alikuwa amekakamaa, shingo imepinda nyuma. Nepi yake ilinukia sukari iliyoungua. Wanawe wawili wa kwanza nao walinukia hivyo hivyo, kisha wakazikwa.

"Huyu wa tatu," mama mkwe aliwaambia watu wa kwenye benchi, hata hakupunguza sauti. "Mwenzenu anazaa, sisi tunachimba. Na huyu akienda, mwanangu anaoa mwingine. Yeye arudi kwao, akawamalize wa huko."

Mama alimwomba Mungu kimoyomoyo, akamtia mtoto titi mdomoni. Mtoto akanyonya kivivu, akalala. Wakamviringisha shuka, wakamwingiza kwenye mashine, ikagonga kama watu wanaoezeka bati.

Daktari bingwa akaja na wanafunzi wake. Mlango walisahau kuufunga.

"Tazameni hapa ndani panavyong'aa! Ubongo umevimba. Ugonjwa wa kurithi huu, kwa baba na kwa mama. Mwili hauwezi protini. Kila akinyonya, maziwa yanageuka sumu, yanapanda kichwani. Picha safi namna hii mtakaa miaka msiione."

Mama aliinuka, akamgeukia mkwewe. "Umesikia, mama? Kwa baba na kwa mama."

"Nilichosikia ni kwamba maziwa yako sumu."

Mama akaingia chumbani bila kuitwa. "Daktari, sasa nimpe nini?"

"Yapo maziwa yake maalumu, mama. Hapa kwetu hayaletwi."

"Na hili limashine lililetwaje?"

Mwanafunzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Daktari aliinamia kioo chenye picha.

"Hapa pembeni pametikisika kidogo. Wageni waliotupatia mashine wanafika leo, siwezi kuwaonyesha hii. Turudie."

Fundi alimtoa mtoto, ameamka, analia kilio chembamba kama cha paka. Akamweka mikononi mwa mama yake.

"Haya mama, mnyonyeshe tena alale."

Mama alimtazama daktari. Daktari alikuwa anatazama picha.

Mtoto akalia tena. Kifuani mwa mama, gauni lilikuwa limeshalowa. Maziwa yalikuwa yanakuja yenyewe.