Kidole Kinywani mwa Mishi

Perez aliliona shavu la Mishi saa tisa mchana, alipokuwa akianika shuka uani, na mikono yake ikasahau ilichokuwa ikifanya.

Mtoto alikuwa amechutama kwenye kizingiti cha jiko akila muhogo wa kuchemsha. Alitafuna upande mmoja tu. Upande wa kushoto, chini ya sikio, shavu lilikuwa limevimba, si sana, kama mtu aliyeficha peremende humo asije akaombwa.

Tobi, mwanawe, naye alianza hivyo. Upande huohuo.

"Mishi," Perez aliita kwa sauti ya chini. "Njoo nikuone."

Mtoto akainuka. Kabla hajapiga hatua ya pili, mama yake, Lela, alitokea jikoni na mwiko mkononi, akamshika bega na kumrudisha. Alimtazama Perez, akaitazama shuka, akatazama chini, kisha akaingia ndani na mwanawe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miezi minane katika nyumba ya Bi Kibibi, Majengo. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati. Lela, binti wa mwenye nyumba, na Perez, mke wa mchochea makaa wa reli, walikuwa watu wa kusukana nywele. Tobi alikunywa uji kwa Lela kama yuko kwao. Kisha Tobi akafa, ana miaka saba, na Lela akamfundisha Mishi kupita mbio mbele ya chumba cha nne, cha Perez. Bi Kibibi alikipaka chumba hicho chokaa mara mbili, akakifukiza udi hadi nguo za Perez zikanuka udi kanisani.

Hakuna aliyemtukana. Ila jina walimnyima. Alikuwa Mama Tobi, na Tobi alipokwenda hawakujua wamwite nani, basi wakaacha kumwita. "Hodi humo," walisema wakitaka kitu. Hata mumewe, Zedekiah, alirudia jina la siku za harusi yao, nyar Gem, yaani binti wa Gem, kana kwamba miaka yote ya katikati ilikuwa imefutwa.

Sauti ya Bi Kibibi ilitoka jikoni, kali kama kawaida yake. "Nikishasali alasiri nampeleka kwa Abdurahim. Jino likitoka, uvimbe utashuka. Na wewe Lela, acha kunitolea macho. Mtoto hafi kwa jino."

Perez aliiachia shuka ikaanguka matopeni.

Kwa Abdurahim! Kinyozi yule, na koleo lake, na chupa yake ya mafuta ya karafuu. Perez alikuwa amempeleka Tobi kwake mara tatu katika wiki mbili. Meno ya mtoto yalikuwa yakilegea, moja baada ya jingine, na yeye mwenyewe alikibana kichwa cha mwanawe katikati ya magoti wakati kinyozi aking'oa. Tobi hakulia. Jino la kwanza hakulia, la pili hakulia, la tatu aliuliza kama wamemaliza. Perez alimsifu njia nzima mpaka nyumbani. Mwanangu dume, alisema. Alimnunulia miwa.

Laiti angelia. Baada ya wiki nyingine uvimbe ulikuwa umepanda hadi jichoni, na ndipo walipokwenda hospitali. Daktari alisema maneno mengi, na dresa, mfunga vidonda aliyekuwa akifasiri, akayapunguza: saratani ya taya. Perez alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo. Aliuliza kama ni yale meno waliyong'oa. Hapana, alisema dresa, si meno, meno yalilegea kwa sababu ugonjwa ulikuwa chini yake. Basi kama wangekuja mapema? Daktari aliangalia karatasi zake. Angeletwa wiki ya kwanza, alisema, labda wangejaribu kitu.

Labda. Hilo ndilo neno alilorudi nalo nyumbani, na hakuwa amelala nalo vizuri tangu siku ile.

Zedekiah alikuwa kitandani, ametoka zamu ya usiku, masizi bado yako kwenye mikunjo ya shingo. Perez alimtikisa.

"Mishi amevimba shavu."

Zedekiah alifumbua macho, lakini hakugeuka. "Upande gani?"

"Kushoto. Wanampeleka kwa kinyozi."

"Nyar Gem, kaa chini. Ukifungua mdomo wako, watasema umemtupia mtoto wao kilichomuua wetu. Watatufukuza leo hii. Na humu mjini, na hali hii ya hatari, kila kona askari anadai pasi, utabeba kitanda uende nacho wapi?"

"Na nikinyamaza?"

Alivuta blanketi.

"Nikinyamaza, Zedekiah, halafu iwe ndiyo ile?"

Aliufunika uso kwa blanketi. Perez alijifunga leso kiunoni na kutoka.

*

Kibanda cha Abdurahim kilikuwa karibu na msikiti: kiti kimoja, kioo kilichopasuka, na benchi la wanaongoja. Perez alipofika, Mishi alikuwa tayari kitini, miguu inaning'inia. Lela alikuwa amemshika mikono. Bi Kibibi alisimama nyuma yao katika buibui lake kama askari wa zamu, na kwenye benchi palikuwa na mwanamume aliyenyolewa nusu kichwa, aliyeachwa hivyo ili jino litangulie.

"Usimng'oe," Perez alisema.

Wote waligeuka. Abdurahim, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, alikuwa ameshika koleo. Alipomwona aliyesema, mkono wake ulishuka.

"Toba!" Bi Kibibi alipiga makofi. "Umetufuata mpaka huku? Nyumbani nimekuvumilia, nikasema ni mja wa Mungu, kafiwa. Sasa unakuja kumsomea mjukuu wangu?"

"Bi Kibibi, shikamoo. Sikuja kwa ubaya. Huenda hilo si jino."

"Si jino ni nini? Nanasi?"

Mwenye nusu kichwa alicheka peke yake, kisha akakoma.

Perez alimgeukia Lela. "Lela. Tobi alianza hivi. Nilimleta hapa. Nilikaa kwenye kiti hicho. Ugonjwa ule unalegeza meno, na hauumi. Nipe kidole kimoja tu kinywani mwake. Jino likicheza bila maumivu, twende hospitali sasa hivi, kwa miguu, nitambeba mimi. Likiuma, ng'oeni."

"Mkono huo!" Bi Kibibi alisema. "Mkono uliomlaza mwenziwe!"

Perez alihisi maneno yale yakimpata, lakini hakusogea.

Lela alikuwa akilia bila sauti. Alimtazama mama yake, akamtazama Perez, na mikono ya mwanawe aliibana hadi mtoto akalalamika.

Aliyesema ni Abdurahim. Aliliweka koleo kwenye beseni la maji ya chumvi, polepole, likagonga bati.

"Bi Kibibi, nisikilize. Miaka ishirini nang'oa meno. Jino la mtoto lina kelele, lina damu, lina mateke. Ya yule mtoto yalitoka kama mbegu za papai. Nilijua si kawaida. Sikusema, maana sikujua niseme nini." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Huyu simgusi mpaka mama huyu atie kidole."

Bi Kibibi alivuta pumzi ndefu puani. "Vizuri. Atie. Na akikosea, leo hii anahama nyumbani kwangu. Nyote mmesikia."

"Nitahama," alisema Perez.

Kinyozi alimmiminia maji ya chumvi mkononi. Perez alipiga goti mbele ya kiti. Mishi alimtazama kwa macho makubwa, hana hasira wala hofu. Hawakuwa wamekaribiana hivi tangu siku ya mazishi.

"Fungua, mama. Pana zaidi. Hivyo."

Akaingiza kidole cha shahada. Mdomo ulikuwa na harufu ya muhogo na karafuu. Alianzia mbele, kwenye jino la pembeni, akalisukuma kidogo kwa ncha ya kidole. Halikutikisika. Alisogea kwenye la pili. Alikumbuka jinsi ya Tobi yalivyoyumba, jinsi alivyodhani ni meno ya utoto tu yanayopisha mengine, na kidole kikasita. Bi Kibibi alikuwa akisoma kitu kwa kunong'ona. Perez alisukuma. La pili nalo halikutikisika.

Yakabaki magego. Ufizi wa huko ulikuwa wa moto. Perez aliusikia moto ule na hakuthubutu kuamini. Akabonyeza.

Mishi alipiga yowe lililowainua watu dukani ng'ambo ya barabara, akafunga meno. Akauma kwa nguvu zake zote.

"Linauma?" Perez alipaza sauti, kidole kingali humo. "Mishi, linauma?"

Mtoto alimwachia ili apate kulia. "Linauma! Linauma sanaaa! Mama Tobi ananiumiza!"

Lilikuwa jina ambalo hakuna aliyelitamka kwa miezi minane, na mtoto alilisema kama vile hakuna aliyewahi kumwambia limekwisha.

Perez alikitazama kidole chake. Damu ilikuwa ikichuruzika hadi kiganjani. Akacheka. Alicheka kwa sauti, machozi yakimwingia mdomoni, na mwenye nusu kichwa akasogea mwisho wa benchi.

"Ni jino," alisema. "Jino bovu tu. Ng'oa, mzee. Ng'oa!"

Abdurahim aling'oa. Usaha ulitoka, na harufu mbaya, na Mishi aliwapiga mateke watu watatu akaliita jina la kila jamaa yake. Perez alisimama mlangoni akisikiliza kila yowe mpaka la mwisho.

"Umefurahi?" Bi Kibibi aliuliza akipita na mjukuu begani. "Basi kafunge vyombo."

*

Zedekiah hakuwa amelala tena. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni.

"Nimekosea," Perez alisema. "Ni jino bovu. Tunahama."

"Jino bovu," alisema Zedekiah.

"Jino bovu tu."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kisha akauinamisha uso mikononi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Miezi minane Perez hakuwa ameyaona yakifanya hivyo. Aliketi kando yake. Baada ya muda walisimama, wakaanza kukunja godoro.

Jua lilikuwa likichwea mlango ulipobishwa. Alikuwa Lela, na Mishi pembeni yake, taya limefungwa kipande cha kanga, fundo juu ya kichwa kama masikio ya sungura.

"Mama Tobi," Lela alisema. "Ule upande mwingine hukuutazama."

Perez aliacha kamba mikononi mwa Zedekiah.

Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Bi Kibibi, ikiongea na kuta. "Na nani kasema mtu abebe vitanda barabarani saa hizi, askari wakusanye watu mbele ya nyumba yangu? Warudishe godoro lao mahali pake. Vumbi tupu!"

Lela alimfungua mwanawe kanga. Aliingia chumba cha nne mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akapiga goti, akamweka Mishi katikati ya magoti yake na kukishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Usimuume," alimwambia.

"Akinibonyeza namuuma," alisema Mishi.

"Uma tu," Perez alisema. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, kwa hiyo alitumia cha kati. Alianzia mbele, upande wa kulia. Lela alikuwa amezuia pumzi. La kwanza halikutikisika. Perez akasogea kwenye la pili.