Mlango wa Pili wa Bafu

Bafu lenye milango miwili, wapi na wapi? Wiki nzima Wachuka aliwauliza kuku, akaziuliza sufuria, maana mumewe hakuwa mtu wa kuulizwa. Mathenge, karani wa ghala la mbao pale Naro Moru, alikuwa na upole ule wa kutia wasiwasi: ukimkemea anatabasamu, ukimuuliza anakunywa chai.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika barabara yao, na kila mwenye bati jipya alitaka bafu ndani ya nyumba. Wachuka naye alilitaka, tusimsingizie. Stoo ya viazi nyuma ya sebule, futi sita kwa nane, ikaondolewa viazi, na Mathenge akapiga magoti akachora sakafuni kwa chaki: hapa choo cha kukalia, pale sinki, kona ile shawa. Mlango mmoja wa kutokea sebuleni. Sawa kabisa. Kisha akachora wa pili kwenye ukuta wa nyuma, wa kutokea uani, ukielekeana na chumba cha mbao ambacho hakikuwa na mtu. Na chumba chenyewe alikuwa amekipaka chokaa juzi tu.

"Huo mlango wa nyuma ni wa nani, Baba Wacera?"

"Wa kupitia," akasema Mathenge, akaomba chai.

Mlango wa kupitia! Kwani kuna wa kulalia? Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yamejaa uani kwake. Ukimya huu wa Mathenge aliujua. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa, mambo madogo alimwambia yote, makubwa Wachuka akayasikia kwa watu.

Thuranira, fundi kutoka Meru, akaanza kujenga, na kila siku jambo jipya. Chini ya shawa akainua kiti cha saruji. Nani huyo anayeoga ameketi kama bibi harusi? Kando ya choo akapachika chuma cha kushikia, akakijaribu kwa kuning'inia hapo kwa uzito wake wote. Mlango wa nyuma ukapanuliwa kuliko wa sebuleni, na kizingiti kikaondolewa, mtu asikwae. Wachuka aliyajumlisha yote akapata jibu moja tu: mke wa pili, mjamzito, tena wa mjini, asiyeweza kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kama wanawake wenzake.

Angekimbilia kwa mama yake akalie. Lakini mama yake, Waithira, naye alikuwa na yake: aliteleza shambani Kangari mwezi wa nne, akavunjika nyonga, na sasa alikuwa akitembea kwa mkongojo, akiishi kwa Wamae, kaka yake Wachuka. Basi Wachuka aliula uchungu wake peke yake, na uchungu ukiliwa peke yako hauna chumvi wala kiasi.

Jumamosi asubuhi Mathenge akavaa koti.

"Naenda Nyeri. Mchana kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Utamwona."

Hapo maji yakamfika shingoni. Mume alipopotea tu kwenye kona, Wachuka akaenda kwa Thuranira, aliyekuwa anajiandaa kupachika ubao wa mlango wa nyuma.

"Mzee amebadilisha. Ziba hiyo mlango."

"Ati nizibe? Lakini mama, mzee aliniambia hiyo ndio mlango ya maana."

"Ziba."

Matofali yakapanda, plasta ikapita juu. Kufikia saa saba ukuta ulikuwa mzima, na Wachuka akahisi furaha kali, ya kisasi. Huyo mgeni na apite sebuleni, mbele ya macho yake.

Saa nane pikapu ikaingia. Wamae akashuka, akamshusha mama yao pole pole.

Wachuka akabaki na mwiko mkononi. "Mama? Mbona hamkuniambia?"

"Mumeo aliniandikia mwezi mzima uliopita," Wamae akasema. "Kliniki ya nyonga iko huku Nyeri, mama akae kwenu hadi apone. Hakukuambia?" Kisha akacheka kidogo. "Lakini angekwambiaje? Akutajie habari za kuoga za mama mkwe wake? Alipitia kwangu, ndivyo inavyotakiwa. Hata leo ameondoka ili mama aingie bila aibu."

Waithira alikuwa tayari amezunguka nyuma ya nyumba, akifuata maelezo ya barua. Wachuka alimkuta mbele ya ukuta, kiganja chake juu ya plasta mbichi.

"Mkwe wangu amebadili nia," mama akasema. "Wamae, nirudishe nyumbani."

"Pita sebuleni, mama. Hayupo," Wachuka akamsihi.

"Nipite mbele ya kiti cha mkwe nikienda msalani? Mimi?"

Wachuka alitamani ardhi immeze. "Mama, si yeye. Ni mimi niliyeuziba."

Haja ilikuwa imembana Waithira njiani tangu Karatina. Akageuka, akaelekea choo cha shimo kule chini ya shamba, hatua kwa hatua, na Wachuka nyuma yake.

Mle ndani hakukuwa na chuma cha kushikia. Wachuka akamkumbatia mama yake kwa nyuma, akamteremsha taratibu, na nyonga ilipokunjwa mama akatoa mguno ambao bintiye hakuwahi kuusikia, hata msibani.

"Ulidhani mlango ni wa nani?" Waithira akauliza, jasho likimtoka.

"Wa mke wa pili."

Mama akavuta pumzi.

"Miaka kumi na minne unampikia," akasema, "na bado humjui."

Wachuka alikuwa analia, hana mkono wa kujifutia.

"Usinitingishe," mama akamwambia. "Nishike vizuri."