Alichotafsiri Clotilde

Akuol na mumewe Aukot walikuwa na blogu kuhusu sinema za kutisha. Waliiandika wakiwa Lodwar, ambako Aukot alifundisha shule ya upili, na kila wiki walirudia maswali yale yale: mbona mzuka karibu kila mara ni mwanamke, na mbona mwanamume aliyemuua hutembea huru hadi dakika ya mwisho? Aukot alipenda nadharia. Akuol, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alipenda kuangalia nyuso za watazamaji.

Februari 2013 walikwenda Kakuma kuandika habari za Clotilde, Mkongomani aliyetafsiri sinema katika kibanda kimoja cha video. Kazi hiyo hufanywa na wanaume, lakini hakuna aliyesoma Kifaransa kwa kasi yake. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akasoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha na kuyageuza Kiswahili papo hapo.

Saa nane mchana, mabati yakichoma, ikawekwa sinema ya mke aliyeuawa na kurudi kwake akiwa amefungwa kitambaa mdomoni. Alipotokea, Clotilde alishusha sauti.

"Walisema nimemfuata dereva wa lori Lokichoggio," alitafsiri. "Sikwenda popote. Niko chini ya jiko langu. Anapika juu yangu."

Mwanamke mmoja aliinuka akatoka. Mwingine akamfuata, kisha benchi zima la nyuma. Aukot aliandika mbiombio, amefurahi. Akuol alimkumbuka jirani wa mamake, Nyakong. Alitoweka miaka miwili nyuma, na mumewe akawaambia watu kwamba ametoroka na dereva wa lori. Walimwamini bila shida, kwa kuwa Nyakong alizoea kucheka kwa sauti mbele za wanaume.

Sinema ilipokwisha, Akuol alimuuliza Clotilde maneno yale ameyatoa wapi.

"Miye nilisoma ile iliandikwa, mama," Clotilde alijibu. Clotilde hakumjua Nyakong. Alikuwa na miezi minne tu kambini.

Waliazima ile diski, wakaitazama kwa laptopu nyumbani kwa mamake Akuol. Mzuka ukatokea, kitambaa mdomoni. Chini ya picha hapakuwa na neno hata moja. Walirudisha nyuma mara tatu, kisha Aukot akaifunga laptopu. Alisema pengine Clotilde alisikia uvumi sokoni.

"Tumeandika muda wote huu kwamba wanawake hawa hawasikilizwi," Akuol alimwambia. "Huyu tumemsikia."

Aukot alivaa viatu.

Nyumbani kwa Nyakong waliwakuta wale wanawake wa kibandani, wamesimama uani. Mumewe alikuwa jikoni akipika maharagwe. Aliwatazama mmoja mmoja, wala hakuuliza wamefuata nini. Aliipua sufuria polepole, akaiweka chini, akasogea kando ya mafiga kama anayempisha mtu.

Mmoja wao alikwenda kuita polisi, nao wakachimba pale pa mafiga jua lingali juu. Hawakwenda kina kirefu. Nyakong alikuwa amelala ubavu, na ushanga wake kiunoni. Mwanamume yule alipandishwa garini akiwa bado ameshika mwiko, hadi askari mmoja alipomnyang'anya.

Usiku huo Aukot aliona haya kusema kwamba makala yake ilikuwa tayari daftarini. Akuol aliisoma yote, akamwambia ni nzuri na isichapishwe. Kwenye blogu aliweka jina la Nyakong, kwamba alizaliwa katika mji wa Nasir, na siku atakayozikwa.

Clotilde alikuja mazikoni akasimama mbali na wengine. Akuol alimfuata kumshukuru. Clotilde alisema amemwomba mwenye kibanda ampe sinema za kuchekesha tu, na mwenye kibanda amekubali.

"Sasa umepumzika," Akuol alisema.

Clotilde alitikisa kichwa. "Hata mu zile za kuchekesha, kuna pahali watu wananyamaza," alisema. "Miye bado nawasikia wengine."