Noël ya masinia

Nilikuwepo Noël ile, sikukuu ya Krismasi, maji yalipoingia kwa dada yangu Micheline, kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mungu hakunywa maji ya saché akatupa mfuko mtaroni. Mungu hakula mchele kwenye sahani ya plastiki akaiacha chini ya kiti. Tulikula sisi, avenue nzima, mtaa wetu wote, kwenye meza yetu ya kila mwaka. Kesho yake mvua ikanyesha, mtaro ukaziba, na nyumba ya chini kabisa ikalipa kwa niaba yetu sote. Nyumba hiyo aliijenga baba yetu. Micheline aliwahi kunyanyua kichwa cha cherehani juu ya kitanda. Stendi ikabaki majini hadi ikashika kutu.

Mwaka huu, Desemba ilipoingia, aliniita.

"Évariste, mi nimechoka. Mununuzi iko. Maji ikiingia tena Noël hii, nauza parcelle ya papa, kiwanja na nyumba, nakwenda kwa mutoto wangu kule Bafwasende."

Hakulia. Dada yangu akilia, utambembeleza. Akisema polepole namna ile, amekwisha kuamua.

Bon. Nikaenda kwenye kikao cha sikukuu. Mwenyekiti wetu, Papa Landry, alikuwa ameketi mbele ya maboksi, anayapapasa kama mbuzi wake. Mheshimiwa mmoja anayetaka kura zetu alikuwa ametuma mchele, maji ya saché na sahani za plastiki za kutupa, kila sahani na uso wake katikati, anacheka.

"Mutu anamaliza mchele, anamukuta mheshimiwa pale chini," Papa Landry akasema kwa fahari.

"Halafu anamutupa mu mtaro," nikasema, "na mheshimiwa anakwenda kulala kwa Micheline."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Weye kila mwaka mtaro, mtaro. Si tulifanya salongo?"

Salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi. Nazikumbuka zote. Tunashuka na majembe, tunatoa matope na mifuko, tunarundika kila kitu ukingoni mwa mtaro, tunapiga picha, tunakwenda kunywa. Mvua ya kwanza inarudisha rundo lote ndani. Takataka tunazotoa ni zile zile tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi.

"Mchele tuupike," nikasema. "Sahani na saché zirudi."

"Mheshimiwa alisema vyote pamoja."

"Alors, vyote virudi."

Watu wakayatazama maboksi. Mchele wa bure si kitu cha kuchezea, hata mimi nilisikia tumbo langu likinipinga. Micheline akasimama.

"Rudisheni. Mi ntaleta mihogo na majani yake, pondu ya shamba yangu."

"Bwana yangu anatoka Yanonge na samaki," akasema Mama Benie, jirani yake. "Tutafunga liboke, samaki ndani ya majani. Jani ikitupwa, inaoza."

Papa Landry akainuka. "Et les assiettes? Samaki mutaweka juu ya kichwa?"

Kabla jua halijazama alikuwa amepeleka maboksi yote avenue ya juu. Kule waliyapokea kwa vigelegele.

Swali lake la sahani, lakini, lilikuwa swali. Nikaenda kwa Mama Kadidja, ambaye ukoo wake ulikuwa Waislamu wa mji huu kabla Mbelgiji hajapanga barabara. Nyumbani kwake kuna masinia makubwa ya bati, yale ya kulia Maulidi.

"Masinia yangu, kwa Noël?"

"Ndiyo, mama. Sinia moja, watu sita, hakuna cha kutupa."

"Wakristo watakula mukono kwa mukono? Si banapenda kila mutu na kasahani kake, kama mu hopitali?"

"Watakula."

"Nguruwe?"

"Haitakuwepo. Papa Mahmoudi mwenyewe atachinja kuku."

Mahmoudi, mumewe, akaitikia kwa kichwa kutoka kwenye kiti chake.

"Na nani atayasugua?"

"Mimi."

Akaitazama mikono yangu. "Kusema unajua, Évariste. Kusugua, hatujaona."

Siku mbili kabla ya Noël tulishuka mtaroni. Safari hii hakuna kilichobaki ukingoni. Kila kitu kwenye gunia, kila gunia kwenye pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, hadi lile shimo kavu walikokuwa wakichimba udongo wa matofali. Wengine walininung'unikia njia nzima. Nikawaacha wanung'unike, mradi wanasukuma.

Noël, baada ya misa, tulikaa kuzunguka masinia. Tangawisi, kinywaji chetu cha tangawizi, tuliimimina kutoka kwenye ndoo kwa vikombe vya kila nyumba. Papa Landry alikuja na sahani yake ya udongo, akaketi peke yake. Mama Kadidja akamwambia, "Papa Landry, huko kwako baridi." Akasogea.

Mvua ilikuja tungali tunakula. Vidole vikasimama kwenye sinia. Maji yalishuka mtaroni, mekundu, ya haraka, yakapita. Micheline alikuwa mlangoni kwake. Cherehani ilikuwa mahali pake, hakuigusa.

Kisha ikashuka sahani moja ya plastiki. Kisha saché. Kisha sahani nyingi, kutoka avenue ya juu, mheshimiwa juu ya mheshimiwa, zikajipanga kwenye daraja dogo mbele ya nyumba, na maji yakaanza kupanda.

Papa Landry alifika kabla yangu. Alivua viatu vyake vya Noël, akaingia hadi magotini.

"Musitazame vile. Leteni gunia."

Tukaingia na nguo zetu mpya, wanaume kwa wanawake, tukazivuta sahani kwa mikono yenye mafuta ya samaki. Maji yakagusa kizingiti cha Micheline. Yakakaa pale, yanafikiri. Tukavuta tena, daraja likafunguka, nayo yakashuka.

Ndani hayakuingia.

Micheline alitoka kwenye mvua, akafunga gunia la kwanza kwa kamba, akajitwika.

"Unaipeleka shimoni?" nikamuuliza.

"Naipeleka kule juu, kwa wenyewe. Leo hii, bakiwa bado mezani."

"Na parcelle?"

"Parcelle iko pale. Beba gunia."

Papa Landry alikuwa amekwisha kumpita, peku, gunia begani. "Maboksi ni mi nilipeleka," akasema bila kugeuka. "Mi ntasema wa kwanza."

Nikabeba langu, tukapanda.