Giboni wa Jamhuri

Kasyoki alikuwa akianika shuka nyuma ya nyumba yake mtaani Jamhuri wakati mti wa mugumo ulipokatwa ukaanguka. Wakazi walitaka mahali pa kuegesha magari. Vumbi lilipotulia, giboni wawili, wanyama wa jamii ya sokwe, walioishi katika mti huo walikuwa bado juu, pale pale, wakining'inia hewani kwa mikono yao mirefu. Kasyoki alizikung'uta shuka upya, maana zilikuwa zimejaa unga wa mbao.

Jirani yake, Mzee Harjit, aliwahi kusafiri hadi Assam, ng'ambo ya bahari, kuwaona giboni wa porini. Alisema huko wanaonekana, na Thailand, na Borneo, palipo na miti mirefu iliyoshikana, kwa kuwa hawapendi kukanyaga chini. Hawa wa Jamhuri walihamia baada ya msitu wao kufyekwa. Hakuna aliyewauliza walipitia wapi.

Kila alfajiri dume alianza kuimba, jike akampokea, sauti ikapanda mpaka vioo vikatetemeka. Kisha waliruka kutoka tawi hadi tawi, ingawa matawi yalikuwa yameshakuwa kuni.

"Wanaukumbuka mti," alisema Harjit.

Mvua za Aprili zilipoanza, walipata mtoto. Huyu hakuwahi kuuona mti. Siku alipoachia tumbo la mama yake, alinyoosha mkono akashika hewa, ambayo kwake ilikuwa hewa tu. Mama alimdaka kwa mguu. Mara ya pili hakumuwahi, mtoto akaanguka juu ya gari la Kimanzi, mwenyekiti wa wakazi, akalia hadi jioni.

Kasyoki alimwendea Kimanzi. "Mwenyekiti, yule mtoto atakufa."

"Mama Stellah, si wazazi wake wako hapo juu tu poa? Atazoea. Na iliyobonyea ni gari yangu, lakini mimi umeniona nikilia?"

Kesho yake alfajiri Kasyoki alijifunga leso, akasimama katikati ya magari. Watoto wake wote walikulia katika mugumo ule, naye akiwapigia kelele kutoka chini.

"Kushoto, mwanangu. Shika tawi lile nene. Sasa mbele... hapana, wacha hilo! Limeoza, lilimwangusha Stellah wangu."

Mtoto alimtazama, akanyoosha mkono alikoonyeshwa, akashika. Hewa ikalia kwa sauti ya tawi linalobeba uzito.

Mvua zilipokatika, mtoto alikuwa akivuka eneo lote la magari peke yake. Watu walikuja kutoka mitaa ya Hurlingham na Kitisuru kumpiga picha.

Kwenye mkutano wa wakazi, Kimanzi alisimama. "Mmejionea wenyewe. Hawa wanyama hawahitaji mti." Kwa hiyo mugumo wa pili, ule wa karibu na geti, ungekatwa Jumamosi. Mikono ikainuliwa kukubali.

"Wanahitaji mtu anayeukumbuka," alisema Kasyoki.

"Basi ukumbuke, mama," Kimanzi akamjibu, bila ubaya wowote.

Jioni hiyo Kasyoki alibeba kigoda hadi getini. Mti wa pili hakuufahamu. Watoto wake hawakuwahi kuupanda. Aliketi chini yake, akainua uso, akaanza kuukariri tawi kwa tawi, kuanzia la chini kabisa. Baadaye kidogo Harjit naye akaja na kiti chake, akachukua upande wa barabara.