Jibu la Mama

Mama ukianza kumwonea wivu mtu anayemfundisha mwanao, ujue atakayeumia si huyo mtu. Fundi alikuja kulijua hilo maji yakiwa yameshamwagika.

Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Binti yake alikuwa na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Chiriku. Akirudi shuleni alikuwa akijipenyeza chini ya meza ya kukatia, anaokota vipande vya nguo huku anamsimulia mama yake kila kitu, tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Fundi anashona, anacheka. Raha yake yote ilikuwa pale.

Kisha shule ikatangaza jaribio la kuchagua watoto wa darasa maalumu la hisabati. Chiriku akaanza kwenda kusoma kwa shangazi yake, dada wa baba, mwalimu aliyekaa nyumba ya pili. Akawa anarudi giza linaingia, na mdomoni ana jina moja tu.

"Mama, shangazi kasema nne kujumlisha tano mara mbili ni kumi na nne!"

Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani. "Nne na tano, tisa. Tisa mara mbili, kumi na nane. Au siku hizi hata hesabu zina mitindo?"

"Shuleni tunaimba tu, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nilikuwa sijui kwa nini. Shangazi ndiye kanionyesha. Ngoja uone!" Mtoto akavuta kopo la vifungo. Akaweka vifungo vinne, kimoja kimoja, halafu kadi tano ndogo, kila moja imeshikizwa vifungo viwili. "Tano mara mbili ndiyo hizi kadi. Ni mbili na mbili na mbili na mbili na mbili, zimefungwa pamoja. Lazima uzifungue kwanza ndipo uzichanganye na hivi vinne. Ukianza kujumlisha nne na tano, umevigeuza hivi vinne kuwa kadi, kila kimoja kimekuwa viwili. Shangazi akaniuliza, 'Vimezaa lini?' Kama kweli unataka kadi tisa, ndipo unaweka mabano."

Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha shangazi, kile cha puani.

Hicho ndicho kilichomchoma Fundi. Vifungo ni vyake, kopo ni lake, meza ni yake, na mtoto amemzaa yeye. Leo wifi kaja na chaki zake, kachukua vyote, mpaka kicheko.

"Ondoa takataka zako juu ya kitambaa cha watu," akasema.

Mumewe, aliyekuwa anavua viatu mlangoni, akamtania, "Naona Chiriku kapata kiota kipya." Alicheka peke yake.

Siku moja kabla ya jaribio, Fundi hakumruhusu mtoto kutoka. Alimkalisha kando ya cherehani. "Leo nakufundisha mimi. Unaanza kushoto, unakwenda kulia, kama unavyosoma. Sisi ndivyo tulivyosoma, na hatujafa."

"Lakini mama, shangazi..."

"Shangazi! Shangazi! Nani alikubeba mgongoni? Nani alikesha na homa zako? Haya, ukiandika majibu ya shangazi yako, funga nguo zako uhamie kwake. Yeye ndiye awe mama yako!"

Aliyasema kama watu wanavyosema wakiwa na hasira, kisha akaendelea kushona. Chiriku hakujibu kitu. Fundi akakiona kile kimya, akakiita adabu.

Matokeo yalipotoka, Chiriku hakuwemo. Aliiweka karatasi mezani, akasimama tu, asisimulie lolote. Na moyo wa Fundi, Mungu amsamehe, uliruka kwa furaha kabla haujakumbuka kusikitika. Akaikwapua karatasi, akamshika mtoto mkono, mbio mpaka kwa wifi yake.

"Hodi, mwalimu wa vifungo! Njoo uone kazi ya mikono yako!"

Wifi alikuwa anaosha vyombo. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaisoma karatasi taratibu. "Wifi, mbona kila swali kaanza kushoto kwenda kulia tu? Hata hili, kalianza kwa kujumlisha. Na juzi alinieleza mwenyewe bila kusita." Akainama. "Chiriku, ulisahau, mwanangu?"

Chiriku akatikisa kichwa. "Sikusahau, shangazi. Nilijua yako ndiyo yenyewe. Hayo ni majibu ya mama."

"Sasa kwa nini ukayaandika?"

"Mama alisema nikiandika yako nihame nyumbani."

Wifi akainuka. Angelaumu, hata angecheka kicheko chake cha puani, Fundi angepata wa kugombana naye. Alimrudishia tu karatasi, ikiwa na alama ya kidole chenye maji.

Nyumbani, Fundi alilivuta kopo mwenyewe. Akapanga vifungo vinne, kimoja kimoja, na kadi tano pembeni. Akaviangalia. Kadi tisa hazikuwepo pale, hata ageuze shingo vipi. Maisha yake yote alikuwa akikata vifungo kwenye kadi kama hizo.

"Njoo, mama yangu," akamwita binti yake kwa sauti ya chini. "Leo wewe ndiye mwalimu. Vyote pamoja ni vingapi?"

Chiriku akasogea. Akavitazama vifungo, midomo ikamcheza kidogo, jibu liko pale pale. Kisha akainua macho, akauchunguza uso wa mama yake kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

"Wewe unataka viwe vingapi, mama?"