Injini Iliyosuguliwa

Cyrus amenimaliza. Nasema amenimaliza, na sipunguzi hata neno.

Gari lenyewe ni Camaro ya mwaka 1969, lile la Kimarekani lenye boneti ndefu na muungurumo wa kuamsha mtaa. Nimelitengeneza miaka minne nyuma ya nyumba tunayopanga Al Thumama, huku Uarabuni, kila Ijumaa, baada ya wiki nzima ya kurekebisha kompyuta za watu West Bay. Breki tayari, gia tayari, bado viti na rangi. Sasa mkataba wangu unaisha, narudi Nyeri mwisho wa mwezi, na nilitaka jambo moja tu: lichukuliwe na mtu atakayelimalizia, lisiende kukatwakatwa vipuri.

Nilimpata. Abu Khalid, mzee wa The Pearl, mtaa wa matajiri, anayekusanya magari ya zamani. Alitaka injini ileile ya kiwandani au hataki kabisa. Nikamwambia aje aone kwa macho yake, namba iliyogongwa kwenye injini inalingana na ya gari.

Alhamisi nikiwa kazini, Cyrus, ninayeishi naye chumba kimoja, akaamua kunisaidia. Kwetu gari la kuuzwa lazima ling'arishwe mpaka injini, mnunuzi asikute hata doa. Basi akaazima grainda, akasugua kutu yote, akapaka rangi nyeusi.

Ijumaa Abu Khalid aliinama na tochi, akapapasa kwa kidole.

"Wein al-raqam?" aliuliza. Namba iko wapi?

Nami nikapapasa. Palikuwa laini kama sahani.

"Khalas," alisema mzee, yaani basi, imekwisha, akaondoka bila hata kunywa chai.

Nilimrukia Cyrus kwa maneno. "Mjinga wewe! Nani alikutuma? Sasa hakuna mtu atalitaka zima!"

"Nilitaka likae poa, Ndirangu. Niliona ni kutu tu."

"Miaka minne unaliona! Hujui namba ni nini?"

"Ningejua aje?" Sasa naye alikuwa anapiga kelele. "Kila Ijumaa unanishikisha tochi. Nikiuliza kitu unasema, 'We mulika tu, wacha maswali!'"

Nilibamiza boneti, nikaingia ndani.

Jumatatu lori la watu wa vipuri lilikuja. Tulilisukuma gari sote wawili, mimi na Cyrus. Aliponiuliza mbona usukani ni mzito hivyo, nilimweleza kwa ukali, kila kitu, mpaka gari likawa juu ya lori.